Kompyuta inapokataa kuingia yenyewe: dalili, sababu na tiba

Hapa Lubumbashi, wengi wanaotaka kompyuta iingie yenyewe hawasukumwi na uvivu wa kuandika neno la siri. Wanasukumwa na umeme. Mashine yenye programu ya kaunta, au ile iliyounganishwa na printa ya ofisi nzima, huzimika mgao unapoanza, na umeme hurudi saa ambayo mwenye neno la siri yuko Kasumbalesa akitoa mzigo forodhani. Wenzake hubaki wameikodolea macho skrini inayodai neno wasilolijua. Haja hiyo ni halali. Tatizo ni kwamba mpango huu ukiwekwa kwa haraka hugoma, na hugoma kwa sababu zile zile kila mara. Nimezipanga hapa chini kwa kufuata dalili anayoiona mtumiaji, nikianza na sababu inayotokea sana na kuishia na ile ya nadra.

Jambo moja lisemwe kwanza. Kompyuta kuingia yenyewe maana yake ni kwamba Windows imetunza jina lako na neno lako la siri, na inajiandikia kila inapowashwa. Kwa hiyo yeyote anayebonyeza kitufe cha kuwashia amekuwa wewe. Kwenye kompyuta ya mezani iliyo ndani ya chumba kinachofungwa, sina pingamizi. Kwenye kompyuta ya mkononi inayopanda teksi kutoka Katuba hadi mjini kila asubuhi, au kwenye mashine yenye mishahara ya wafanyakazi au majalada ya wagonjwa, mimi hukataa kuuweka mpango huu, hata mteja akinuna. Na pale unapokubalika, akaunti itakayoingia yenyewe iwe ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi.

Njia ya kawaida ni hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika netplwiz, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina orodha ya akaunti, na juu ya orodha kuna kisanduku chenye maneno ambayo kwenye Windows ya Kifaransa, iliyo ya kawaida kwetu, husomeka “Les utilisateurs doivent entrer un nom d'utilisateur et un mot de passe pour utiliser cet ordinateur”. Chagua akaunti, ondoa alama kwenye kisanduku, bonyeza “Appliquer”, andika neno la siri mara mbili, kisha uwashe mashine upya. Njia ni moja kwa Windows 10 na Windows 11, ingawa wenye Windows 10 wakumbuke kwamba Microsoft ilikoma kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inayojifungulia mlango ilhali matundu yake ya usalama hayazibwi tena haifai kushinda kwenye intaneti.

Kisanduku hakionekani kabisa

Sababu inayoongoza ni mpangilio unaolazimisha akaunti za Microsoft kuingia kwa Windows Hello peke yake, yaani kwa PIN, uso au alama ya kidole. Mpangilio huo ukiwa umewashwa, Windows huficha kisanduku bila kutoa maelezo yoyote. Fungua “Paramètres”, ingia “Comptes”, halafu “Options de connexion”, zima swichi inayotaja Windows Hello kwa akaunti za Microsoft, kisha funga dirisha la netplwiz na ulifungue tena. Mara nyingi kazi huishia hapo.

Swichi yenyewe isipoonekana, mpangilio huo huo hupatikana kwenye rejista ya Windows, yaani ghala ambamo Windows hutunza mipangilio yake ya ndani, katika tawi la HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\PasswordLess\Device, ambako thamani iitwayo DevicePasswordLessBuildVersion hubadilishwa kutoka 2 kuwa 0. Kabla ya kuigusa, bofya tawi hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague “Exporter” ili ubaki na nakala. Kama maneno haya ni mageni kwako, simama hapa umwite anayeyajua, kwa sababu kosa dogo kwenye rejista linaweza kuizuia Windows isiwake kabisa.

Ikiwa mashine ni ya shirika au kampuni na imeunganishwa na seva inayosimamia akaunti zote, yaani imo ndani ya domeni, kisanduku hakitakuwapo, na hilo si hitilafu. Usitafute njia ya kuzunguka. Mwenye seva ndiye mwenye uamuzi, na akishagundua kwamba umemzunguka, mazungumzo yatakayofuata hayatahusu kompyuta.

Mashine inajaribu kuingia, kisha inasema jina au neno la siri si sahihi

Dalili hii inastahili subira, kwa kuwa mtumiaji huwa ana hakika kwamba ameandika sawasawa, na mara nyingi kweli ameandika alichokusudia.

Sababu ya kwanza ni PIN. Mtu amezoea kuingia kwa tarakimu nne au sita kwa miaka miwili, na amesahau kwamba tarakimu hizo si neno la siri la akaunti. Dirisha la netplwiz linataka neno la siri lenyewe. Ukiliandikia PIN, litaipokea bila kulalamika, na kuingia kutashindikana asubuhi. Kama huna hakika, kwenye skrini ya kuingilia bonyeza “Options de connexion”, chagua alama ya neno la siri badala ya ile ya PIN, ujaribu kuingia kwa mkono. Usipoweza kuingia hapo, mashine nayo haitaweza.

Sababu ya pili ni ya kwetu hasa. Kompyuta za mtumba zinazouzwa mjini hutoka pande nyingi: zile za Ubelgiji na Ufaransa huja na klavye ya AZERTY, na zile zinazopitia Dubai, Afrika Kusini au Zambia huja na QWERTY. Fundi akiweka Windows ya Kifaransa kwenye mashine ya QWERTY, herufi zilizochorwa kwenye vitufe si zile zinazoandikwa. A na Q hubadilishana nafasi, Z na W vivyo hivyo, M huhamia kuliani mwa L, na tarakimu za safu ya juu hudai Shift. Hata AZERTY zenyewe hazifanani, kwani alama ya @ hutoka kwa AltGr na kitufe cha 0 kwenye klavye ya Ufaransa, lakini kwa AltGr na kitufe cha 2 kwenye ile ya Ubelgiji. Basi neno lililotungwa siku mashine ilipowekwa Windows, klavye ikiwa kwenye FRA, likiandikwa leo kwa vidole vile vile klavye ikiwa kwenye ENG, ni neno jingine kabisa.

Balaa huongezeka kwa sababu netplwiz haihakiki neno la siri. Inalinganisha tu ulichoandika mara ya kwanza na ulichoandika mara ya pili, na ukikosea mara zote mbili kwa namna ile ile, inaridhika. Niliwahi kuhangaika alasiri nzima na mashine ya sekretariati moja ya kutoa fotokopi, nikibadilisha hili na lile kwenye rejista, kumbe neno la siri la mwenye duka lilianza na herufi A na mimi nilikuwa naandika Q chini ya vile vidoti vyeusi. Tangu siku hiyo nina kawaida moja: kabla ya kufungua netplwiz, nafungua “Bloc-notes”, naandika neno la siri likiwa wazi, nalitazama, kisha nalifunga bila kuhifadhi. Hakikisha tu hakuna mtu nyuma yako. Tazama pia herufi tatu zilizo karibu na saa, na ikiwa mashine ina klavye mbili kwenye orodha ilhali unatumia moja, ondoa ile ya ziada.

Sababu ya tatu ni neno la siri lililobadilishwa mahali pengine. Akaunti ya Microsoft ni moja kwenye simu na kwenye kompyuta, kwa hiyo ukibadilisha neno la siri kwenye simu, kile Windows ilichotunza kinakuwa cha zamani. Rudisha alama kwenye kisanduku, bonyeza “Appliquer”, kisha iondoe tena ili uombwe neno jipya. Waliochagua akaunti ya Microsoft isiyo na neno la siri kabisa hawana cha kuandika hapo. Njia yao ni kutengeneza akaunti ya ndani ya mashine, yenye neno lake la siri, na kuipa hiyo kazi ya kuingia yenyewe.

Sababu ya nne, isiyo ya kawaida, ni jina. Kompyuta ikibadilishwa jina baada ya mpango kuwekwa, rejista inaweza kubaki na jina la zamani katika thamani ya DefaultDomainName, na Windows huenda kuitafuta akaunti kwenye mashine ambayo haipo tena. Kuweka mpango upya kwa netplwiz kwa kawaida hurekebisha. Kwa akaunti ya Microsoft, jina fupi likikataliwa, jaribu kuandika anwani nzima ya barua pepe.

Usibahatishe ovyo, hata hivyo. Kwenye Windows 11 za karibuni zilizowekwa upya, majaribio 10 yaliyokosewa hufunga akaunti kwa dakika 10, na anayebahatisha kwa hasira huishia kudhani kwamba hata neno sahihi limekataliwa. Na kama neno la siri la akaunti ya ndani limesahaulika kabisa, usimruhusu mtu alifute kwa nguvu kabla ya kuuliza kama kuna faili zilizosimbwa, yaani zilizofichwa zisisomeke bila ufunguo, kwa akaunti hiyo: zikiwapo, kulifuta kunaweza kukufungia nje ya faili hizo moja kwa moja. Hapo aitwe fundi anayeanza kwa kunakili data, si yule anayeanza kwa kusema tuifomati.

Iliingia vizuri kwa muda, kisha ikaacha

Tazama kwanza kama Windows imefanya sasisho kubwa usiku uliotangulia, kwa kuwa masasisho hayo wakati mwingine hurudisha mipangilio ya kuingia kama ilivyokuwa. Tiba ni kuweka mpango upya, basi.

Kama mpango unakufa tena na tena bila sasisho lolote, kuna mambo matatu ya kuchunguza. La kwanza ni barua pepe ya kazini: ukiongeza akaunti ya ofisi kwenye mashine, ofisi inaweza kuteremsha masharti yake ya usalama pamoja na barua, na moja ya masharti hayo huzima kuingia kwenyewe. La pili ni umri wa neno la siri. Akaunti ya ndani iliyotengenezwa kwa amri, bila kuwekewa alama kwamba neno lake haliishi, huombwa kulibadilisha baada ya siku 42, na mashine husimama hapo ikisubiri binadamu. La tatu ni thamani ya AutoLogonCount kwenye tawi la Winlogon la rejista, ambayo huhesabu kushuka kila mashine inapoingia. Ikifika sifuri, mpango hujizima. Thamani hiyo huachwa na waliotumia hati za usakinishaji, yaani faili za amri zinazoweka Windows zenyewe, na ikifutwa tatizo huisha.

Ukifika kwenye tawi hilo la Winlogon, angalia pia kama kuna thamani ya DefaultPassword. Wapo mafundi wanaoandika neno la siri pale kwa mkono, likiwa wazi kama tangazo la ukutani, na yeyote anayeketi mbele ya mashine anaweza kulisoma. Lifute, na badala yake utumie Autologon, programu ndogo ya Microsoft katika mkusanyo wa Sysinternals, ambayo hulitunza likiwa limesimbwa. Msimamizi mwenye ujuzi bado anaweza kulipata, ila mpita njia hataliona. Autologon nayo haihakiki ulichoandika, kwa hiyo yale ya AZERTY yanabaki pale pale.

Inaingia inapowashwa, lakini inadai neno la siri ikiamka usingizini

Hii si hitilafu. Kuwashwa na kuamka ni milango miwili tofauti, na netplwiz inafungua wa kwanza tu. Wa pili uko katika “Options de connexion”, kwenye swali la lini Windows idai kuingia tena baada ya kutokuwapo. Ukichagua “Jamais”, mlango unabaki wazi. Kwa ofisi yenye watu wanaoingia na kutoka, mimi ningeuacha umefungwa.

Inaingia, lakini wengine hawaioni printa wala folda za pamoja

Hapa karibu kila mara kuna mtu aliyetafuta njia ya mkato: badala ya kuweka mpango wa kuingia, alifuta neno la siri la akaunti. Mashine huingia yenyewe, ni kweli, lakini Windows kwa kawaida haimruhusu mwenye akaunti isiyo na neno la siri kuingia kupitia mtandao; inamkubali tu akiwa ameketi mbele ya mashine yenyewe. Rudisha neno la siri, weka mpango kwa netplwiz, kisha kwenye kompyuta nyingine andika jina na neno hilo mara moja na kukubali yahifadhiwe. Yapo maelezo yanayofundisha kuondoa kizuizi hicho cha Windows. Usiyafuate, hasa kama Wi-Fi ya ofisi inagawiwa wateja.

Inaingia, lakini meza ni tupu na faili zote zimetoweka

Usiandike kitu. Usihifadhi kitu. Windows imeshindwa kufungua profaili yako, yaani mipangilio na folda za akaunti yako, jambo linalotokea sana baada ya umeme kukatika mashine ikiwa katikati ya kuandika kwenye diski, na imekupa profaili ya muda ambayo hufutwa unapotoka, pamoja na chochote ulichokiweka ndani. Faili zako kwa kawaida bado zipo. Washa mashine upya mara mbili au tatu, kwa sababu wakati mwingine ni programu ya kuzuia virusi tu iliyochelewa kuachia faili. Hali ikibaki vile vile, fungua folda ya Users kwenye diski C, uhakikishe kwamba folda yenye jina lako na nyaraka zako ipo, na uzinakili kwenye diski ya nje kabla ya kitu kingine chochote.

Tiba ya ndani iko kwenye rejista, katika tawi la ProfileList, ambako profaili iliyoharibika huonekana mara mbili, moja ikiwa na kiambishi .bak. Hiyo ni kazi ya fundi. Na kama diski inatoa mlio wa kugongagonga au mashine imekuwa nzito kupita kiasi, izime na usiiwashe tena hadi ifike mikononi mwake, kwa sababu kila kuwasha kunaweza kupunguza kinachookolewa.

Umeme umerudi, lakini mashine haikuwaka, au imesimama kabla ya Windows

Kuingia kwenyewe hakuiwashi mashine. Kwenye kompyuta ya mezani, mpangilio wa kuwaka umeme unaporudi uko ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofanya kazi kabla ya Windows, mara nyingi katika sehemu ya nishati, na si kila mashine inao. Ikiwa inawaka lakini inasimama ikidai ubonyeze F1 au inaonyesha tarehe ya miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Betri hiyo hufanya kazi hasa mashine inapokosa umeme ukutani, ndiyo maana kwetu haidumu kama ilivyoahidiwa. Ni kitu cha bei ndogo.

Hapa ndipo penye onyo zito kuliko yote katika mwongozo huu. Mashine nyingi mpya zina diski iliyosimbwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua, kwa sababu Windows 11 ya toleo la 24H2, ikiwekwa upya kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuwasha usimbaji huo yenyewe. Kubadilisha mipangilio ya BIOS, na wakati mwingine hata betri hiyo ndogo, kunaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Tafuta ufunguo huo kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi ya kuhifadhiwa mbali na mashine, ndipo uguse BIOS. Ikiwa skrini ya bluu inayodai ufunguo huo imeshatokea na ufunguo haupatikani, simama. Anayekuahidi kuivunja kwa dola ishirini atakurudishia mashine iliyofutwa.

Saa nayo ina mtego wake kwa wenye mashine za domeni. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, lakini wengi huchagua majira ya Kinshasa, kisha wakiona saa imechelewa huisogeza mbele kwa mkono. Machoni saa inakuwa sawa. Ndani, kompyuta imekosea kwa saa nzima, na seva kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, hivyo inaikataa. Kwenye orodha ya majira chagua yale ya UTC+2 yanayotaja Harare na Pretoria, na uiache saa ijirekebishe.

Mashine zisizo na Windows

Kwenye Mac, chaguo la kuingia kwenyewe halipatikani FileVault, yaani usimbaji wa diski ya Mac, ikiwa imewashwa, wala ikiwa unaingia kwa neno la siri la iCloud. Kuzima FileVault ili kupata raha hiyo ni biashara mbaya kwa kompyuta inayobebwa.

Kwenye Ubuntu, lalamiko ni moja: mashine inaingia, kisha kivinjari kikifunguliwa linatokea dirisha linalodai neno la siri la hazina ya funguo. Hazina hiyo hufunguliwa na neno unaloandika unapoingia, na kwa kuwa hukuandika, imebaki imefungwa. Unaweza kuipa neno tupu kupitia programu ya kusimamia funguo, kwa gharama ya kuacha maneno ya siri yote uliyohifadhi yakiwa wazi, au kuliandika neno hilo mara moja kwa siku. Mimi huliandika.

Unataka kuingia kwa akaunti nyingine

Shikilia Shift tangu Windows inapoanza kupanda hadi skrini ya majina itokee. Njia hiyo ndiyo hutumika pia kuingia kama msimamizi ili kurekebisha akaunti iliyokwama. Ukiipeleka mashine kwa fundi, kwanza rudisha alama kwenye kisanduku cha netplwiz, umtengenezee akaunti yake ya muda, na uifute siku unayoichukua mashine.